Sikio la Marehemu Enesia

Hakuna mtu anayeruka wimbo aliotumiwa na marehemu. Winfrida Haule alilisema jambo hilo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya viazi, kisha akaomba chai yake iongezwe maziwa.

"Wimbo wa msanii maarufu wanauruka," aliendelea. "Wa mchungaji wanauruka. Hata wa mtoto wa kumzaa mwenyewe, mtu akiwa na haraka, anauruka. Lakini redio ikisema, 'Umepokezwa wimbo na marehemu mama yako,' mtu anakaa chini. Anausikiliza mpaka unaisha, halafu anaurudia."

Walikuwa watatu katika chumba cha juu cha ofisi ya Pokeza, kampuni ya kupokezana nyimbo, pale Uhindini, dirisha likiutazama mlima Loleza. Winfrida alikuwa mkuu wa ujumbe katika kampeni ya Bwana Sinkonde, aliyekuwa akigombea umeya wa jiji la Mbeya. Aliyekaa mbele yake ni Osiah Mbembela, mkurugenzi wa Pokeza. Pembeni, daftari likiwa wazi na halina neno hata moja, alikaa Tusajigwe Mwakalobo, mtunzaji wa masikio ya marehemu, kumbukumbu za nyimbo walizozipenda wangali hai.

Tangu uchaguzi ule wa kelele, ambao magari ya vipaza sauti yalizunguka usiku na mchana hadi wagonjwa wakaziba masikio kwa pamba, sheria ilikuwa imebadilika. Ujumbe wa kampeni haukuruhusiwa kumfikia mtu ila kupitia kwa mtu anayemjua kwa jina. Mabango yaliondolewa, mikutano ikafa, na wagombea wakabaki wanatafuta binamu za watu.

"Sheria inasema 'mtu anayemjua,'" Winfrida alisema. "Haisemi awe hai. Tumeuliza wanasheria."

"Na mtasema nini katika hizo nyimbo?" Mbembela aliuliza.

"Hatusemi kitu. Hilo ndilo watu hawalielewi kuhusu kazi yangu. Hotuba inamwomba mtu akubali, na mtu akiombwa anajikunja. Wimbo hauombi. Unamkuta jikoni anamenya ndizi. Sisi tunataka neno moja tu liingie ndani: taa. Alama ya mgombea wetu kwenye karatasi ya kura ni taa. Siku ya kupiga kura mkono utakwenda wenyewe."

Mbembela alimgeukia Tusajigwe. "Warithi wamekwisha kuulizwa?"

"Mara mbili," Tusajigwe alijibu. "Mara ya tatu ni Ijumaa ya wiki ijayo."

Kanuni hiyo ilikuwa yake. Pokeza ilipoanza kuyahifadhi masikio ya waliofariki, ilibidi ipatikane njia ya kuwauliza ndugu kila yanapotaka kutumika kwa jambo jipya. Tusajigwe alikumbuka vikao vya ukoo nyumbani kwa babu yake, Rungwe. Mwenyekiti huuliza, "Kuna mwenye neno?" Huuliza tena. Huuliza mara ya tatu, na kama watu wamenyamaza, jambo limepita, watu wanakwenda kula. Aliiandika kanuni hivyohivyo: mrithi wa sikio ataulizwa mara tatu, na akinyamaza amekubali. Kila mtu aliisifu. Walisema ni kanuni yenye asili yetu.

"Basi tunaendelea," alisema Mbembela, na kwa mazoea tu, bila kumtazama yeyote, akaongeza, "Kuna mwenye neno?"

Tusajigwe alikuwa nalo. Aliitazama kalamu yake, na jambo likapita.

*

Jumapili baada ya ibada alikwenda Isanga kumwona baba yake. Jua lilikuwa kali na taa ya barazani ilikuwa inawaka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Pita. Usiizime hiyo."

Mzee Asajile Mwakalobo, mwalimu mstaafu, alikuwa ameketi jikoni anamenya ndizi za kupika, maganda yakidondokea kwenye beseni lililokuwa la mkewe. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa shati la kwendea harusini. Tusajigwe alifurahi kwanza, kabla hajajua anachokifurahia.

Miaka miwili nyuma asingemkuta hivyo. Enesia alipofariki, Asajile aliacha kuamka. Alilala ameukabili ukuta, chakula kikija na kurudi, na majirani wakaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba huyu naye anamfuata mwenzake. Ukoo ulipoanua matanga, walimrithisha Tusajigwe sikio la mama yake, nalo likaanza kufanya kazi ya masikio, kuwachagulia ndugu nyimbo. Asubuhi ya Pasaka redio ikasema, "Umepokezwa wimbo na marehemu mkeo, Enesia." Ulikuwa wimbo wa kwaya, wa zamani, ambao waliwahi kuuimba pamoja kabla hawajaoana. Asajile aliusikiliza, akaketi kitandani, akaomba uji. Tangu siku hiyo alikula.

"Mama yako ameniletea mpya," alisema sasa. "Sikia."

Aliigusa redio. Gitaa liliingia taratibu, gitaa la aina ileile aliyoipenda Enesia, na sauti ya mwanamke mtu mzima, isiyo na mapambo.

*Washa taa, mume wangu, taa ya pale nyumbani,*
*naja kwa miguu yangu, nisipotee gizani.*

Tusajigwe alisimama na mkoba begani. Aliusikiliza wote, maana baba yake alikuwa anautazama uso wake.

"Umeuonaje?"

"Mzuri," alisema. Na kweli ulikuwa mzuri.

"Nimewaza sana." Asajile aliishika ndizi bila kuimenya. "Unajua mama yako na yule Sinkonde."

Alijua. Kila mtu wa Isanga alijua. Sinkonde alipokuwa diwani alileta lori Mwanjelwa, likazoa mabeseni ya akina mama waliokuwa wanauza magimbi kando ya barabara, ya Enesia yakiwemo, magimbi yakiwa ndani. Tangu siku ile Enesia hakulitamka jina lake. Alimwita "yule wa lori," na kama redio ikimtaja, aliondoka chumbani.

"Mimi nilikuwa nimeapa," Asajile aliendelea. "Kura yangu hapati, hata akigombea peke yake. Lakini sasa alama yake ni taa, na mama yako anasema washa taa. Nimeelewa. Amemsamehe. Na kama yeye aliyenyang'anywa amesamehe, mimi mwenye hasira za kuazima ni nani?"

Tusajigwe alienda uani akajifanya ananawa mikono. Alitoa simu na kutafuta katika vitu alivyovifuta. Maombi matatu yalikuwa yamemjia kama mrithi wa sikio la Enesia, kwa jaribio la nyumba chache kabla ya kazi kubwa. Yote matatu aliyafuta bila kuyasoma, pamoja na michango ya harusi za watu asiowafahamu. Aliulizwa mara tatu kama ana neno. Alinyamaza mara tatu.

*

Sikio si roho, na Pokeza haikuwahi kusema ni roho, ingawa haikujisumbua kukanusha.

Ni mazoea. Mtu akiusikiliza wimbo, akaurudia, akauruka, akampokeza dada yake lakini asimpokeze shemeji, vyote vinabaki. Baada ya miaka, mashine inaweza kuulizwa swali rahisi: katika nyimbo zote zilizopo leo, Enesia angempokeza Asajile upi? Nayo hujibu, mara nyingi vizuri kuliko ambavyo ndugu wangejibu. Huo ndio uliokuwa ufundi wote, na Tusajigwe alikuwa na sababu ya kujivunia. Watu wengi wa Mbeya walizijua nyimbo nzuri kwa sababu marehemu fulani angezipenda.

Kampeni iliuliza swali jingine. Mashine ya pili ilitunga beti zenye neno taa, maelfu kwa maelfu, na kila ubeti ukapelekwa mbele ya sikio la Enesia. Uliokataliwa ulitupwa. Uliokaribia kukubaliwa ulirekebishwa na kurudishwa. Mwisho ukabaki wimbo mmoja ambao sikio halikuweza kuukataa. Lililokuwa sikio likafanywa mdomo.

Halikumjua Sinkonde. Chuki ya Enesia kwa Sinkonde haikuwahi kuwa wimbo, kwa hiyo sikio halikuwa na habari nayo.

Jumatatu Tusajigwe aliyaeleza haya mbele ya meza ya Mbembela, amesimama. Mkurugenzi alimsikiliza vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mama yake mwenyewe kwenye redio ya nyumbani.

"Liondoe la mama yako," alisema. "Wewe ni mrithi, una haki. Sema neno lako kwa sikio lako, liishe."

"Na wengine?"

"Wengine wameulizwa."

"Kwa kanuni niliyoikata nusu. Kwenye kikao cha ukoo, bwana Mbembela, mmoja akisema ana neno, kikao kizima kinasimama mpaka wote wamsikie. Nusu hiyo ulinikataza."

"Nilikukataza kwa sababu mtu mmoja asingeweza kuwasimamisha watu elfu." Aliegemea kiti. "Fikiri kwanza, Tusa. Utawaambia nini? Kwamba wimbo huu mmoja haukutoka kwa marehemu? Mtu mwenye akili atauliza, na zile nyingine zilitoka kwake? Utajibu nini? Wamezika mara moja, watu hawa. Unataka wazike tena?"

Tusajigwe alirudi mezani kwake akafanya kazi za kawaida mpaka jioni, na alizifanya bila kosa. Alikuwa anaogopa, na woga wake ulikuwa na sura ya mtu aliyelala ameukabili ukuta.

*

Alhamisi mchana alikwenda tena Isanga. Taa ilikuwa inawaka. Alikuwa ameyaandaa maneno njiani, yakiwa yamepangwa vizuri, na alipofika mlangoni yalikuwa yamemtoka.

Baba yake alikuwa anapiga pasi suruali kwa ajili ya siku ya kura.

"Baba, wimbo wa taa haukutoka kwa mama."

Asajile aliisimamisha pasi. "Mama yako amekufa, Tusa. Nilimzika mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu."

"Sisemi hivyo. Uliandikwa na watu wa Sinkonde. Walilitumia sikio lake. Waliniomba ruhusa."

"Ukawapa?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Sikusoma, baba."

Mzee alizima pasi, akazungusha waya wake taratibu kama alivyozoea, mkunjo juu ya mkunjo. Nje jirani alikuwa anamwita kuku.

"Na ule wa Pasaka?" aliuliza.

Hilo ndilo swali ambalo Tusajigwe alikuwa na jibu lake zuri. Wimbo wa Pasaka uliimbwa na watu wa kweli. Hakuna aliyeutunga kwa hila. Sikio liliuchagua tu, na sikio lilifundishwa na Enesia mwenyewe kwa miaka yake yote. Kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli. Alimtazama baba yake, shati lake la harusini, kidevu chake kilichonyolewa, akaliacha.

"Ule nao ni mashine, baba. Walioimba ni watu. Aliyekuchagulia ni mashine."

Asajile aliketi kwenye kiti cha jikoni. Alilitazama beseni la mkewe. Tusajigwe alitaka kumshika mkono, lakini akaona hana haki hiyo kwa wakati ule.

"Kwa hiyo mama yako hakumsamehe Sinkonde," mzee alisema mwisho.

"Hakumsamehe."

"Hilo afadhali. Lilikuwa linanisumbua. Nilikuwa naona amebadilika." Pumzi ilimtoka, nusu yake ikiwa kicheko na nusu nyingine siyo. Akajifuta macho kwa kiganja. "Utawaambia watu?"

"Nataka kuwaambia kuhusu hizi za kampeni. Leo, kabla hawajaulizwa mara ya tatu."

"Na kuhusu ule wa Pasaka?"

"Nikisema hilo watazima masikio yote. Kuna watu hawana kingine, baba. Kuna watu watarudi kulala."

"Mimi umeniambia."

"Wewe ni baba yangu."

"Na wao ni baba za watu," alisema Asajile.

Alisimama akawasha pasi tena, maana suruali ilikuwa imebaki mguu mmoja.

*

Kuiongeza nusu iliyokosekana ya kanuni hakukuchukua muda. Ilikuwa bado ipo pale alipoiacha, imefungwa tu. Aliifungua: mrithi mmoja akisema ana neno, warithi wote watasikilizishwa neno lake kabla ya swali la tatu, na atakayenyamaza baada ya hapo hatahesabiwa kuwa amekubali. Kisha akalisema neno lake kwa sauti yake, bila kuliandika kwanza.

"Mimi ni Tusajigwe, binti wa Enesia, mrithi wa sikio lake. Nina neno. Nyimbo za taa mtakazoletewa zimetungwa na kampeni ya Sinkonde. Waliowapenda hawakuzituma. Na nyimbo nyingine zote mlizopokea, hizo za siku zote, hawakuzituma pia. Mashine iliyojifunza walivyokuwa wanapenda ndiyo iliyozichagua. Niliijenga mimi. Anayetaka kuendelea nayo aendelee, lakini aendelee akijua."

Lilikwenda katika nyumba zote zilizokuwa na sikio.

Majibu yalianza kurudi kabla hajavaa koti. Wengi walikataa nyimbo za kampeni kwa neno moja. Wengi wakazima masikio kabisa. Wachache waliandika kwamba walikuwa wanajua siku zote, kwa nini amewasumbua. Mama mmoja wa Tukuyu aliandika, "Ungeniacha na mume wangu," basi, na Tusajigwe aliusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko majibu mengine yote. Hakupata kuona kwamba mama yule alikosea.

Winfrida alipiga simu. Hakuwa na hasira. "Dada Tusa, umenivunjia kazi ya miezi," alisema. "Lakini ujue, kuna waliokuwa wanapata faraja, na mimi sikuwa nimewadai chochote zaidi ya alama ya kidole." Akakata kwa adabu. Mbembela yeye alikuja mwenyewe, akanyoosha mkono, na Tusajigwe akampa funguo za ofisi. Mkurugenzi alionekana mchovu. Alisema tu kwamba jioni ile hajui atasikiliza nini nyumbani.

Tusajigwe alishuka ngazi. Mji ulikuwa na ukimya usio wa kawaida, au yeye ndiye alikuwa nao. Madukani redio zilikuwa zimezimwa na watu walisimama milangoni kama walioamshwa. Alitembea kuelekea Isanga kwa sababu hakuwa na kwingine pa kwenda, na kila hatua alikuwa anamwona baba yake kitandani, mgongo kwa mlango, uso kwa ukuta, na uji unaopoa.

Alikuwa amefika kwenye kona ya mwisho simu ilipolia.

*Umepokezwa wimbo na baba yako, Asajile.*

Alisimama. Katika maisha yake yote baba yake hakuwahi kumpokeza mtu wimbo. Ile ilikuwa kazi ya Enesia. Asajile alipokea tu. Chini ya jina kulikuwa na salamu fupi, imeandikwa kwa nukta na mikato ya kialimu:

*Huu nimeutafuta mwenyewe, nimehangaika nao. Mama yako alikuwa haupendi. Ndizi ziko jikoni.*

Ulikuwa wimbo wa bendi ya zamani, mwanamume mmoja akiisifu baiskeli yake, ubeti baada ya ubeti, tarumbeta zikiwa zimepishana na ngoma. Ulikuwa mrefu mno. Hakuna sikio lolote Mbeya, la aliye hai au la marehemu, ambalo lingemchagulia Tusajigwe wimbo ule.

Hakuupenda. Aliketi kwenye ukuta wa jirani, akausikiliza mpaka mwisho.